Usiku wa Wanyonya Damu: Ununue Nini, Uache Nini

Katika michezo ya kusimulia mezani, kitabu kimoja kinatosha meza nzima. Wauzaji hawalitangazi sana jambo hili, maana biashara yao inanoga pale kila mchezaji anapotaka nakala yake, dadu zake na karatasi zake zenye urembo wa damu pembeni. Kama unapanga kuwaita rafiki zako wanne Jumamosi moja mcheze hadithi ya wanyonya damu, anzia hapo. Anayelazimika kusoma ni mmoja tu, yule atakayesimulia. Wengine wanahitaji karatasi, penseli na utayari wa kuwa mtu mwingine kwa saa tatu au nne.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: hakuna ubao, hakuna kete za kusogeza, hakuna mshindi. Msimulizi anaeleza mahali na kinachotokea. Kila mchezaji anashika mhusika mmoja na kusema mhusika wake anafanya nini. Likija jambo la mashaka, dadu zinaamua. Mtindo huu uliingia madukani Marekani mwaka 1974, Dungeons & Dragons ilipotoka, na kwa miaka mingi mchezaji alikuwa shujaa wa kuua madude. Mwaka 1991 Mark Rein-Hagen na kampuni ya White Wolf, ya jimbo la Georgia, wakageuza kibao: Vampire: The Masquerade ilimweka mchezaji katika ngozi ya dude lenyewe. Unaishi Chicago ya usiku. Una njaa isiyoisha, jirani hatakiwi kujua wewe ni nani, na wakubwa wa jamii yenu ya siri wanakutuma kazi ambazo wao hawataki kuchafua mikono. Ukicheza ukamaliza usiku bila kumdhuru mtu uliyemjali, umefanya vizuri sana.

Bei za vitu hivi ni za dola, na hapa nitazigeuza kwa kiwango cha kukadiria cha shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola moja. Kikipanda au kikishuka utarekebisha mwenyewe.

Kuna hesabu moja nimeizoea, na ndiyo inayonipa uamuzi kuliko bei iliyoandikwa kwenye jalada: gharama gawanya kwa vichwa, gawanya tena kwa vikao. Chukua kitabu kikuu cha toleo la tano la Vampire, chenye jalada gumu, dola 55. Hiyo ni shilingi 137,500 kabla ya nauli ya kukileta. Mkiwa watano na mkacheza mara moja tu, kila mmoja amekula shilingi 27,500 kwa jioni moja, na hapo bora mngekwenda kula samaki Kigamboni. Mkicheza mara kumi, ni 2,750 kwa kichwa kwa jioni, karibu na sahani ya chipsi. Kitabu ni kilekile. Kinachobadilika ni uaminifu wa rafiki zako, na huo unaujua wewe kabla ya muuzaji. Kama kundi lenu lilishindwa kukutana kwa ajili ya kikoba, halitakutana mara kumi kwa ajili ya Chicago.

Ndiyo maana namshauri kila anayeniuliza asinunue chochote kabla ya kikao cha kwanza.

Kuanza na mkono mtupu

Toleo la tano lina kijitabu cha kuonjesha ambacho hutolewa bure kwa PDF katika duka la mtandaoni la DriveThruRPG. Kina kanuni zilizofupishwa, hadithi fupi na wahusika walioandaliwa tayari. Kinatosha kwa jioni moja, na jioni moja ndiyo kipimo mnachohitaji. Gharama yako ni bando la kukishusha na kuprinti karatasi za wahusika. Karatasi kumi nyeusi na nyeupe steshenari hazitakutoa jasho. Kinachokula hela ni kuprinti kwa rangi, na kurasa za vitabu hivi zimejaa wino mweusi kuanzia ukingo hadi ukingo, kwa hiyo usimwachie kijana wa steshenari kitabu kizima. Mpe namba za kurasa.

Dadu ndizo zinazowatisha wengi. Mchezo huu unatumia dadu za pande kumi, tena kwa wingi, na hizo huzipati kwenye duka la Mangi. Lakini karata za kawaida zinaifanya kazi hiyo vizuri ajabu. Toa zote zenye picha. Unabaki na karata arobaini, rea ikihesabiwa moja, hadi kumi. Kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau ni nyeusi. Sasa angalia kanuni ya toleo la tano: mchezaji anarusha dadu nyeusi kwa uwezo wake, lakini kadiri njaa yake inavyopanda kutoka sifuri hadi tano, dadu nyeusi zinaondolewa na nyekundu zinachukua nafasi. Unazo rangi zote mbili tayari, ishirini kwa ishirini.

Tazama inavyokwenda mezani. Mhusika wa rafiki yako anataka kumtuliza mlinzi wa geti kwa maneno. Uwezo wake ni tano, njaa yake imefika tatu. Anavuta karata tatu nyekundu na mbili nyeusi. Sita kwenda juu ni ushindi mmoja. Anafunua: kumi ya kopa, mbili ya uru, saba ya kopa, kumi ya shupaza, nne ya pau. Kumi mbili kwa pamoja zinahesabiwa ushindi nne, na saba inaongeza wa tano. Meza inashangilia. Kisha msimulizi anaonyesha ile kumi ya kopa. Kwa sababu moja ya zile kumi ni nyekundu, aliyeshinda si mtu, ni mnyama aliyemo ndani yake. Mlinzi amefungua geti, ndiyo, lakini amefungua kwa sababu amejikojolea kwa hofu, na kesho atasimulia alichokiona. Mchezaji amepata alichotaka kwa namna ambayo hakuitaka. Huo ndio utamu wa toleo hili, na umeupata kwa pakiti ya karata.

Karata zina upungufu mmoja, na wanaopenda hesabu wataugundua. Dadu moja kuonyesha kumi hakuizuii nyingine kuonyesha kumi, ilhali katika karata nyeusi ishirini kumi zipo mbili tu. Ukirusha dadu tano, uwezekano wa kupata kumi mbili au zaidi ni karibu asilimia 8. Ukivuta karata tano nyeusi, unashuka hadi kama asilimia 5. Ushindi wa kawaida haubadiliki kwa wastani, ni ule mkubwa tu unaokuwa adimu kidogo. Changanya karata upya kila mara na mtacheza bila kuona tofauti. Kuna jambo jingine pia: kila mnyonya damu anapotumia nguvu za damu yake, anarusha dadu moja kuona kama njaa itapanda. Moja hadi tano inapanda, sita hadi kumi haipandi. Hiyo ni nusu kwa nusu kamili. Sarafu ya shilingi mia mbili inaifanya kazi hiyo, na mlio wake mezani una msisimko kuliko plastiki.

Simu nayo ina programu nyingi za bure za kurusha dadu. Mimi sizipendi kwa mchezo huu. Mtu akishashika simu, sekunde mbili baadaye yuko WhatsApp.

Ukiamua kununua dadu

Hapa ndipo watu hupigwa. Seti inayouzwa kila mahali ni ya dadu saba, na imetengenezwa kwa ajili ya Dungeons & Dragons: ya pande nne, sita, nane, kumi mbili, kumi na mbili na ishirini. Hizo za pande kumi, moja ina tarakimu za kawaida na nyingine ina makumi, 00 hadi 90. Ukiipuuza sifuri ya nyuma zote mbili zinafaa. Maana yake, ili upate dadu kumi za pande kumi utanunua seti tano, na utabaki na dadu ishirini na tano ambazo mchezo huu hauna kazi nazo. Tafuta muuzaji anayeuza za pande kumi peke yake, pakiti ya kumi nyeusi na pakiti ya tano au kumi nyekundu. Kwenye masoko ya mtandaoni ya China hizo ni za dola chache.

Seti rasmi ya Vampire ni nzuri kwa macho. Ila badala ya namba ina alama, za ushindi, za kumi, na fuvu kwenye nyekundu. Mchezaji mgeni inabidi ajifunze alama juu ya kujifunza kanuni, na dadu hizo hazimfai kwa mchezo mwingine wowote. Kama zawadi, sawa. Kama zana ya kazi, hapana.

Na msinunue seti ya kila mtu. Anayerusha kwa wakati mmoja ni mmoja. Dadu kumi nyeusi na tano nyekundu katikati ya meza zinatosha hata mkiwa sita, kwa sababu mhusika mpya kwa kawaida anarusha nne hadi saba, na mara chache anafika kumi.

Kitabu kipi

Kikao cha kwanza kimepita, rafiki wawili wamekuuliza lini tena. Sasa fungua pochi.

Toleo la tano lilitoka 2018, na aliyeongoza ubunifu wake ni Kenneth Hite. PDF yake ni karibu dola 25, shilingi 62,500, yaani chini ya nusu ya kitabu cha karatasi, na haisubiri ndege wala haipiti forodhani. Kwa msimulizi wa hapa nyumbani mimi ningechukua PDF. Unatafuta neno, linakuja. Unaprinti kurasa mbili za wahusika kila mara zikichakaa. Kitabu cha karatasi kina faida moja ya kweli: kinapita mikononi. Mchezaji asiyetaka kusoma kanuni atapekua picha, atakutana na ukoo wa wanyonya damu unaomvutia, na kabla hujamaliza kumimina soda ameshajua anataka kuwa nani. Kama mnachanga na mnajua mtacheza mwaka mzima, faida hiyo inalipa.

Kitu kimoja hakiandikwi juu ya jalada: katika kitabu kikuu cha toleo la tano zimo koo saba tu, Brujah, Gangrel, Malkavian, Nosferatu, Toreador, Tremere na Ventrue, pamoja na wasio na ukoo na wale wa damu nyepesi. Koo nyingine ziligawanywa katika vitabu vya ziada. Banu Haqim wamo katika Camarilla, na Ministry wamo katika Anarch. Rafiki yako akikumbuka mhusika kutoka mchezo wa kompyuta au mfululizo wa video na hayumo kati ya hao saba, huo ni mwanzo wa kununua kitabu cha pili. Mwambie achague kati ya saba. Zinatosha kwa mwaka.

Anayetaka koo zote kumi na tatu ndani ya jalada moja atafute toleo la maadhimisho ya miaka ishirini, la 2011, lenye zaidi ya kurasa 500. Unaweza kununua PDF au kuagiza lichapwe moja kwa ajili yako. Kitabu hiki kinampa msimulizi kila kitu, na ndiyo shida yake, maana kila kitu kina kanuni yake. Damu pale ni pointi zinazohesabiwa, kama mafuta kwenye tangi: umebakiwa na sita, tumia mbili, umebakiwa na nne. Wachezaji wanaopenda kupanga mambo wanaupenda mtindo huo kwa sababu hauna ghafla. Kwa meza ya wageni ni mzigo, na njaa inakuwa hesabu badala ya hofu.

Usichanganye na Vampire: The Requiem ya 2004. Kampuni ni ileile na jina linakaribiana, lakini ni dunia nyingine yenye koo tano na kanuni zake. Mchezo mzuri. Ila ukinunua hiki huku rafiki zako wamesoma kile, mtabishana usiku kucha.

Mali ya mtumba, angalia chapa. White Wolf imepita mikononi mwa wengi: CCP ya Iceland mwaka 2006, kisha Paradox Interactive ya Sweden mwaka 2015. Mwaka 2018 kitabu cha Camarilla kilikuwa na sura iliyogeuza mateso ya kweli ya mashoga wa Chechnya kuwa njama ya wanyonya damu. Watu wakakasirika kwa haki, kampuni ikaomba radhi, sura ikaondolewa, na Paradox ikainyang'anya White Wolf uhuru wa kujiendesha. Ukikuta nakala za kwanza zinauzwa ghali kwa madai kwamba ni adimu, zipite. Kwa mchezaji hazina thamani ya ziada hata senti.

Njia nyingine za kuifikia damu

Si lazima uwe wewe mnyonya damu. Curse of Strahd ilitoka Machi 2016 kwa ajili ya Dungeons & Dragons, bei ya jalada dola 49.95. Imejengwa juu ya kisa cha Ravenloft walichokiandika Tracy na Laura Hickman mwaka 1983. Mmekwama katika bonde la Barovia, ukungu umefunga njia, na bwana wa ngome, Strahd von Zarovich, anawatazama. Kwa mpenzi wa filamu za Dracula hii ndiyo sura anayoitarajia.

Hesabu yake ni ya ujanja. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons ni za bure, na tangu Januari 2023 sehemu kubwa imewekwa chini ya leseni huria. Kwa hiyo inaonekana unanunua kitabu kimoja. Lakini kisa chenyewe kila mara kinakuelekeza kwenye Monster Manual kwa viumbe wake, na hicho ni kitabu kingine kamili. Wachapishaji wake, Wizards of the Coast, hawauzi PDF ya kisa hiki. Nakala ya kidijitali inakaa kwenye tovuti yao ya D&D Beyond, ndani ya akaunti yako, na intaneti ikizingua mko gizani kwelikweli. Zaidi ya hayo, kisa kinambeba mhusika kutoka daraja la kwanza hadi la kumi. Hizo ni jioni nyingi, za miezi. Kwa kipimo cha vichwa na vikao inaweza kuwa rahisi kuliko zote, kwa kundi linalofika mwisho. Makundi mengi hayafiki hata kwenye lango la ngome, na hapo mmenunua kitabu mkasoma robo.

Wanaotaka kuwinda badala ya kuwindwa wana Night's Black Agents ya Pelgrane Press, kazi ya Kenneth Hite huyohuyo mwaka 2012: majasusi wastaafu wa Ulaya wanagundua kwamba bosi wao hafi. Inataka msimulizi wa kupanga njama, na maandalizi yake ni mengi.

Na kama huna watu kabisa? Thousand Year Old Vampire ya Tim Hutchings inachezwa na mtu mmoja, daftari moja, dadu moja ya pande kumi na moja ya pande sita. PDF ni dola 15, shilingi 37,500. Mhusika wako anaishi karne kwa karne, lakini anaruhusiwa kubeba kumbukumbu tano tu. Ya sita ikija, lazima moja ifutwe au ihamishiwe kwenye shajara, na shajara nayo inaweza kupotea. Unamkata mama yako kwa kalamu ili upate nafasi ya kumkumbuka adui. Sijui mchezo mwingine unaokuumiza hivyo kwa bei hiyo. Msimulizi anaweza kuutumia kwa faida ya pili: akimaliza, ana mnyonya damu wa miaka mia tano mwenye historia kamili, tayari kuwekwa mezani kama mkubwa wa mji.

Gharama zisizo kwenye jalada

Mchezo huu unadai usiku, na usiku una nauli yake. Kikao cha saa mbili usiku kitaisha saa sita au saba, daladala zimeshapungua, na watu wanne watatafuta bodaboda au gari la kuita kwa programu, kila mmoja upande wake: Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto, Kimara. Jumlisha nauli hizo kwa vikao vitatu uone kama hujafika bei ya PDF. Kwa watu wa Dar hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote na sijaona mwongozo wowote unaoitaja. Anzeni saa nane mchana, mfunge mapazia, mzime taa kubwa, muwashe moja ndogo pembeni. Feni iendelee. Saa kumi na mbili watu wanaondoka kukiwa bado na mwanga, na mwenye nyumba hana la kulalamika.

Chakula kiwe kikavu. Mishikaki na kuku wa kukaanga vinaharibu karata kwa kikao kimoja. Korosho, kashata, kahawa kwenye chupa. Pilau ije mwisho.

Kundi likiwa limetawanyika, mtandao unaondoa nauli na kuleta bando. Mawasiliano ya sauti peke yake, kwa mfano kupitia Discord, hula megabaiti makumi kwa saa, lakini ukiwasha video unaingia kwenye mamia hadi gigabaiti. Zima video. Kusikia sauti bila sura kunaufaa mchezo wa hofu. Saa nayo inapangika vizuri kuliko watu wanavyodhani: saa tatu usiku Dar ni saa nne usiku Muscat, na London ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi au saa moja wakati wa kiangazi. Ndugu yenu aliyeko Minneapolis atakuwa kwenye chakula cha mchana, na huyo ndiye atakayelalamika kwamba kwake jua linawaka.

Muda wa msimulizi ndio usioonekana kwenye risiti. Vitabu hivi nilivyovitaja ni vya Kiingereza na meza yako inaongea Kiswahili. Andaa karatasi moja yenye majina mtakayotumia kwa njaa, uwezo, ukoo na nguvu, umpe kila mtu, na msibadilishe katikati. Maandalizi mengine yapunguze. Watu watatu wenye siri, mahali pawili, na deni moja linalodaiwa usiku huo. Rafiki zako watakushangaza na mengine yote.

Mji wa bure

Kitabu cha Chicago by Night kimeandika mji mzima, nani anatawala, nani anamchukia nani. Ni kazi nzuri, na kwa msimulizi mwenye kazi ya kuajiriwa kinaokoa wikendi. Lakini Afrika Mashariki ina hazina yake ya hadithi za wanyonya damu ambayo haiuzwi. Enzi za ukoloni, kuanzia Nairobi hadi Kampala, watu walisimulia habari za wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Pwani na bara ya Tanzania waliosimuliwa ni mumiani. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu hadithi hizo, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000, na hakujishughulisha kuuliza kama ni kweli. Alisoma ndani yake jinsi watu walivyoiona kazi ya mkoloni, hospitali zake, magari yake na mishahara yake. Nairobi ya miaka ya ishirini, gari jekundu la zimamoto lisilo na moto wa kuzima, na wahusika wenu ndani yake: hapo una mji, una hofu, una siasa, bila kulipa dola.

Tahadhari moja. Hadithi hizi si za kale kwa kila mtu. Wapo waliopigwa na kuuawa kwa kushukiwa unyonyaji damu, na Malawi mwaka 2017 jambo hilo lilifika hadi makundi ya watu kujichukulia sheria mkononi. Kwa hiyo weka kisa zamani, usimtaje mtu wa mtaani kwa jina, na usicheze barazani ambako mpita njia atasikia mnapanga kumfyonza jirani. Kabla ya kuanza, kila mtu ataje kitu ambacho hataki kukisikia mezani, na mkiandike. Toleo la tano lina kiambatisho kizima kuhusu kucheza kwa kujaliana. Kadi yenye herufi X katikati ya meza, wazo la John Stavropoulos, inafanya kazi hiyohiyo: anayeigusa hatakiwi kujieleza, mnaruka tu. Zote hizi ni bure.

Kwa kundi la watu watano wanaoanza, basi, ningefanya hivi. Kikao cha kwanza: kijitabu cha bure, karata, karatasi za steshenari. Mkirudi mara ya pili, mchange PDF ya toleo la tano, 12,500 kila mmoja mkiwa watano. Baada ya hapo dadu za pande kumi za bei ndogo. Kitabu cha karatasi kisubiri hadi atokee mtu anayesafiri kutoka nje mwenye nafasi kwenye begi. Strahd ni ya kundi lililokwisha kumaliza kitu kimoja pamoja. Na katika mchango wowote wa chakula, msimulizi asitoe. Yeye alishalipa kwa wikendi yake, na mkimdai na soda juu yake hamtampata tena.